Mafuriko yakipita, chini ya nguzo kunadanganya

Baada ya mafuriko watu wakija kukagua daraja wengi wanaangalia juu, nyufa, kingo, lami, wakati ugonjwa uko kwenye mguu wa nguzo. Maji yakigonga nguzo sehemu yake inapiga mbizi mpaka chini halafu inajizungusha pande zote mbili, na huo mzunguko ndio unaochota mchanga. Kwa nguzo ya duara tunakadiria kina cha shimo linalochimbwa na maji kufika hadi mara 2.4 ya upana wake, yaani nguzo ya mita 1.5 andaa mita 3.6, na maji yakiwa na kasi kubwa sana au magogo yakinasa pale hesabu inapanda.

Sasa utata ni kwamba maji yakipungua nguvu mchanga unarudi kufukia shimo lenyewe, ukifika wiki ya pili unakuta pametulia kabisa, kama hakujatokea kitu. Mimi nachukua nondo nyembamba nasukuma kwa mkono mbele ya nguzo. Ikizama kilaini halafu ghafla ikagoma, jua shimo lilifika hapo.

Na usijipe moyo eti udongo wako mgumu. Daraja la Schoharie Creek, New York, Marekani, misingi yake ilikalia udongo mgumu haswa, bila paili (nguzo ndefu zinazopigiliwa chini ardhini), ila mawe ya kinga yalibebwa na maji na hayakurudishwa inavyotakiwa. Tarehe 5 Aprili 1987 shimo lilikuwa limefika karibu mita 3, nguzo ikaenda, watu 10 wakafa.

Mawe ni dawa nzuri ila sio ile ya tipa kuja kumwaga rundo likachomoza juu, hapo umeinenepesha nguzo tu na maji yatachimba zaidi pembeni. Chimba kwanza, panga mawe yaishie usawa wa chini ya mto, yatoke mara mbili ya upana wa nguzo kila upande, na chini yake weka kokoto au geotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga), la sivyo mchanga unafyonzwa kwenye mianya na mawe yanazama taratibu. Gabioni, yaani masanduku ya nyaya yaliyojazwa mawe, nazo sawa, lakini kwenye mto unaobingirisha mawe nyaya hazidumu.

Halafu kuna wachimba mchanga. Wakichota karibu na daraja, chini ya mto kote kunashuka, mawe yako yanabaki yananing'inia. Nikikuta tipa zinapakia pale, kabla ya kuagiza jiwe hata moja naenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji.