Kilomita chache hazifuti ajali

Jirani yangu wa Nkuhungu kaonyeshwa gari lililotoka Marekani: maili 31,000, yaani kama kilomita 50,000, bei nusu ya soko. “Injini bado mbichi,” anasema dalali. (Usukani wa kushoto ni kesi nyingine.)

Sawa, injini mbichi. Lakini hati yake ni ya salveji: huko kampuni ya bima iliona kulitengeneza ni ghali mno kulinganisha na thamani yake, ikamlipa mwenyewe. Odometa, ile saa ya kuhesabu kilomita, haihesabu hilo. Gari la kilomita 5,000 likizama kwenye mafuriko, limezama.

Nilimwambia avute mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope kule ndani, asioweza kuufikia muosha magari, unatosha kumrudisha nyumbani. Kisha awashe swichi: taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaokinga watu ajalini) iwake, halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaichezea. Chesisi apime fundi bodi wake, si wa dalali.

Salveji nzuri zipo, mfano zile zilizobonyezwa bati na mvua ya mawe tu. Ila siku ya kuuza, naye ataambiwa nusu bei.