Zuio halishindi kwa ukali wake

Baadhi ya mafundi wa kompyuta Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, bado wanaamini kwamba kwenye fayawoli (kinga ya mtandao) ya Linux sheria ya kuzuia hushinda popote ilipoandikwa. Sivyo. Kwa iptables, amri ya kupanga sheria hizo, kerneli (kiini cha Linux) husoma mnyororo, yaani orodha ya sheria, kutoka juu kwenda chini. Sheria ya kwanza inayolingana na pakiti (kipande cha data ya mtandao), ikisema ACCEPT (ruhusu) au DROP (tupa), ndiyo inayoamua. Ukiruhusu poti 22 (mlango wa kuingia kwenye mashine kwa mbali) kwa wote, kisha ukaongeza kwa -A zuio la anwani moja kwenye poti hiyohiyo, zuio linakaa mkiani na halifikiwi kamwe. Tumia -I, likae juu. Kagua mnyororo wa pakiti zinazoingia kwa iptables -L INPUT -n -v: kaunta (hesabu ya pakiti zilizolingana) ya sheria isiyofikiwa hubaki sifuri. Tena, sheria hizi hukaa kwenye kumbukumbu ya kerneli tu. Umeme ukikatika kabla hujazihifadhi, zimepotea.