Unanunua nyumba ya kwanza Dar? Muhuri wa mtaa si hati

Nyumba ya kwanza wengi wetu huinunua kwa fedha za kikoba, kiinua mgongo au akiba ya miaka mingi. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akizitoa zote asubuhi moja, kwenye meza ya plastiki uani kwa mjumbe, kwa kuamini maneno ambayo hakuna aliyeyahakiki. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi Dar es Salaam.

"Tumeandikishiana serikali ya mtaa, muhuri upo, yamekwisha."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba mmeuziana mbele yake. Daftari la miliki za ardhi halitunzi yeye, na muhuri wake haumfanyi asiye na mali kuwa mwenye mali. Kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu, kila mmoja akaondoka na karatasi iliyogongwa muhuri halali.

Sisemi ushahidi wa mtaa hauna kazi. Kwenye maeneo yasiyopimwa, neno la mwenyekiti na majirani wanaopakana nawe linaweza kuwa ndiyo kinga pekee uliyo nayo, kwa hiyo waite wote na waandikwe. Lakini kama kiwanja kimepimwa, mkataba uandaliwe na wakili, kisha uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Mpaka siku utakaposajiliwa, kwenye daftari la serikali nyumba bado ni ya muuzaji, hata kama wewe umeshahamia na kupaka rangi.

Ukienda pembeni, Mkuranga au Bagamoyo, ukaonyeshwa ardhi ya kijiji, utaratibu ni mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeweka usimamizi wa ardhi hiyo kwa halmashauri ya kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake si uamuzi wa halmashauri. Omba muhtasari wa kikao kilichoridhia.

"Hati anayo, nimeiona kwa macho yangu."

Umeona karatasi. Inaweza kuwa ya kughushi, au ikawa ya kweli lakini nyumba imewekewa zuio kwa sababu ya kesi. Na ukionyeshwa nakala tu, ukaambiwa halisi "ipo nyumbani", fikiria benki kwanza: nyumba ikiwa rehani, hati halisi hukaa kwa mkopeshaji. Dawa yake ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Unapeleka namba ya hati, unalipa ada kwa kontro namba, unajibiwa kwa maandishi mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Fanya hivyo kabla hujatoa hata advansi, na usikubali dalali akuharakishe kwa kusema mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu.

Baada ya hapo mpeleke mpima ardhi akatafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Hati inataja kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Haisemi kwamba ndicho hicho ulichosimamishwa juu yake.

"Jina kwenye hati ni la mume, akisaini yeye inatosha."

Haitoshi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwambie muuzaji bila haya: "Kaka, naomba na shemeji aje tusaini pamoja." Akianza kuzungukazunguka, simamisha malipo.

Nyumba ya urithi ina mtego unaofanana na huo. "Tulikaa kikao cha familia" ni mwanzo tu. Anayeweza kuuza kwa niaba ya warithi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uteuzi wake uuone kwa maandishi. Kaka mkubwa hazaliwi na mamlaka hayo.

"Ina umeme, ina maji, imesimama miaka ishirini; nani ataivunja?"

Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, upande wa Kimara, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Zilikuwamo zenye umeme na watu waliokaa hapo miaka mingi. Mita ya LUKU inathibitisha kwamba una umeme, basi. Kabla ya hapo, Desemba 2015, zilibomolewa nyumba za bonde la mto Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Nenda idara ya mipango miji ya manispaa, uulize eneo lile limepangwa kuwa nini kwenye mchoro.

"Ukishanunua, ardhi ni yako milele."

Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachopewa ni haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Angalia imebaki mingapi, na udai risiti za kodi ya pango la ardhi, usije ukanunua na madeni.

"Bei tuliyopatana ndiyo gharama yote."

Kuna wakili, mpima, ada za uhamisho na ushuru wa stempu. Muuzaji naye anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, na asipoilipa uhamisho wako unakwama. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, na bakiza sehemu ya bei mpaka uhamisho ukamilike.

Na usinunue kwa kuona kiwanja Januari tu. Rudi masika, Aprili mvua ikikatika. Mwulize mama mwenye genge hapo jirani maji yalifika wapi mwaka jana, kisha tazama kuta za nyumba za karibu kama zina mstari wa tope.