Kifungua Mimba: Yanayosemwa Chumbani kwa Mzazi, na Ukweli Wake

Pemba, na Unguja pia, binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake. Hata akiwa ameolewa mbali, siku zikikaribia hufunga mzigo wake akaenda kujifungulia kwao na kumalizia arobaini huko. Mila hii naipenda na naitetea. Mzazi hapiki wala hafui. Huletewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na mtoto akilia hakosi wa kumpokea. Mwanamke aliyebaki peke yake na kichanga kwenye nyumba ya kupanga anajua anachokikosa. Lakini chumba hicho hicho hujaa maneno, na aliyezaa kifungua mimba hana uzoefu wa kuchambua lipi ashike na lipi aache. Baadhi ya maneno hayo yanaua.

"Kuvimba ni kawaida kwa mimba ya kwanza"

Miguu kujaa kidogo jioni, hilo la kawaida. Kuvimba uso na mikono, kichwa kinachouma mfululizo, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo ni dalili za presha ya mimba, na mwisho wake huweza kuwa kifafa cha mimba. Wenye mimba ya kwanza ndio wanaopatwa zaidi. Wengi hawajui kwamba kifafa hiki huweza kuja hata baada ya kujifungua, mtoto yupo kitandani ananyonya. Mzazi akikakamaa ndani ya arobaini, nyumba nzima husema kapandwa na shetani, akaitwa fundi wa kupunga mashetani, au mwalimu wa chuo cha Kurani aje kusoma. Dua haina ubaya, isomwe ndani ya gari. Mzazi huyo anahitaji magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa na dawa ya kushusha presha, na hizo zinatolewa hospitali.

"Damu nyingi ni uchafu unaotoka"

Si kweli. Damu ya uzazi hupungua siku hadi siku. Pedi au kitambaa kikirowa chapa ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, au mzazi akishikwa na kizunguzungu na mwili ukapoa, huko ni kuvuja damu, na huua kwa saa chache. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka hata aliyejifungua salama abaki hospitali angalau saa 24. Mkunga akikwambia subiri, usikubali kuharakishwa kwa sababu wageni wameshafika nyumbani.

Kukandwa na kufungwa tumbo navyo havirudishi kizazi. Kizazi hujirudi chenyewe kwa wiki sita hivi, na kunyonyesha hukisaidia kujikaza. Maji ya uvuguvugu yanauliwaza mwili, sina ugomvi nayo. Yanayochoma ngozi, au kumkanda aliyepasuliwa, hapana.

"Maziwa ya mwanzo machafu, tena hayamtoshi"

Hapa ndipo mzazi wa mara ya kwanza anapovunjwa moyo. Dang'a ni ya njano, nzito, na kidogo. Anaikamua akaona matone, mtoto analia, na bibi keshakoroga maji ya sukari. Ukweli ni kwamba tumbo la kichanga siku ya kwanza ni dogo mno. Anachokunywa kwa mara moja ni mililita chache, kijiko cha chai hivi, na dang'a inamtosha. Ndani yake mna kinga ambayo hakuna maziwa ya kopo yanayoweza kuiga. Mtoto awekwe titi ndani ya saa moja ya kuzaliwa. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa kifungua mimba huweza kuchelewa kidogo. Kila kijiko cha maji au uji humpunguzia mtoto hamu ya kunyonya, na asiponyonya maziwa nayo hayaongezeki. Ukitaka kujua kama anashiba, angalia nepi: baada ya siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, anapata. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na hurudi ndani ya wiki mbili hivi.

Kuhusu tahniki, yaani kumwonjesha kichanga tende, ni Sunna na simwambii mtu aiache. Tende kidogo iliyolainishwa, kidole kilichooshwa kwa sabuni, ipakwe kwenye kaakaa, basi. Asali si mbadala wake. Huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli, na mtoto asipewe mpaka atimize mwaka.

"Kitovu lazima kipakwe kitu"

Mafuta, poda, majivu, dawa ya miti, kila nyumba ina chake. Suala hili limechunguzwa hapa hapa Pemba: kati ya 2011 na 2014 zaidi ya watoto 36,000 waliingizwa katika utafiti uliolinganisha kitovu kinachopakwa dawa ya klorheksidini na kile kinachoachwa kikavu. Matokeo yaliyotoka 2016 hayakuonyesha kwamba dawa hiyo imepunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika. Ikiwa dawa ya hospitali haikukipita kitovu kikavu, majivu yatakipitaje? Kiache wazi, kunja nepi chini yake, osha mikono. Na kikianguka, popote kitakapoangukia, hakina uhusiano wowote na nguvu za kiume.

"Manjano yanaondolewa na jua la asubuhi"

Manjano mepesi ya siku ya pili au ya tatu mara nyingi huisha yenyewe. Yakitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akawa mzito wa usingizi na hanyonyi, jua si dawa. Anahitaji taa maalumu za hospitali kabla ubongo haujadhurika. Na liko jambo linalonikera khasa: bibi hufungua sanduku, akatoa kanga na blanketi alizomwekea mjukuu wa kwanza, zinanukia vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Hiyo ni naftalini. Pwani yetu ina watu wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na kwa mtoto wa namna hiyo naftalini huvunja chembe za damu na kuleta manjano makali. Nguo za kichanga zisihifadhiwe nayo kabisa.

"Hatoki mpaka arobaini"

Kwa Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, nifasi (damu ya uzazi) mara nyingi huwa siku 40 na ukomo wake 60. Damu ikikatika mapema, mzazi hujitwaharisha. Hilo linahusu ibada, wala halimzuii mgonjwa kutafuta tiba. Mama na mtoto wanatakiwa waonekane siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita, na mtoto apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mapema.

Kichanga asiyenyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika naye ametulia, mwenye homa, aliyepoa mwili, mwenye usaha kitovuni, au anayekakamaa na watu wakasema "dege", apelekwe hospitali usiku huo huo: Wete, Chake Chake, au Abdalla Mzee kule Mkoani, palipo karibu. Nauli iwekwe na dereva aagizwe tangu mimba ina miezi minane, na kila aliyemo ndani ya nyumba awe na namba yake.