Ukifundisha Kiingereza Lamu, anza na kaa

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Amu, wanafunzi wangu wengi ni manahodha wa mashua na vijana wanaotembeza wageni, na kina mama wawili wanaokodisha vyumba Shela. Mimi nilipokuwa primari ukipatikana unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako umpe yeye, na mimi nikawa nanyamaza siku nzima ili nisikivae, sasa mtoto aliyenyamaza atajifunza lugha gani? Ndo maana darasani kwangu Kiswahili ruhusa, tena Kiamu chenyewe, Kiswahili cha hapa Lamu, kwa sababu kinywa cha Mwamu tayari kina nusu ya kazi.

Chukua ile th inayotesa watu kote duniani. Mtu wa huku anasema thelathini na dhahabu tangu utotoni, kwa hivyo "think" namwambia ulimi upeleke pale pa thelathini, "this" pale pa dhahabu, tumemaliza, twende mbele.

Halafu kuna pumzi. Kwa Kiingereza p, t na k zikianza neno zinatoka na pumzi, na Mfaransa au Mhispania anahangaika nayo sana. Sisi tunayo! Kaa la moto na kaa wa baharini tunaandika sawa ila hatutamki sawa, vilevile paa la nyumba na paa wa mwituni. Juzi nilimpa nahodha mmoja kikaratasi chepesi akishike mbele ya mdomo, nikamwambia sema kaa la moto, kikaratasi kimetulia. Sema kaa wa mikokoni, kikaruka. Haya, sasa sema "car" kama huyo wa mikokoni... kikaruka tena, darasa zima wakashangilia, na yeye akabaki anakiangalia kile kikaratasi. Kutoka hapo "pen", "tea", "ticket" zinakuja zenyewe. Ila ikitangulia s, kama "spoon" na "stop", pumzi inapotea, unarudi kwa kaa la moto.

Irabu ndo penye jasho, sisi tuna tano, Kiingereza cha Uingereza kinafika kama 20 ukihesabu na zile za kuteleza, zinazoanza na sauti moja zikaishia na nyingine. Msijaribu kuzimaliza. Mimi nachagua zinazomgusa mtu kazini, mfano "live" na "leave", maana nahodha anaulizwa unaishi wapi na tunaondoka saa ngapi kila siku ya Mungu.

Na saa zenyewe jamani. Mwanafunzi wangu mmoja aliwaambia wageni safari ya magofu ya Takwa ni "three o'clock", yeye kichwani ana saa tatu asubuhi, amepiga hesabu ya maji kujaa kwa sababu ule mkondo wa mikokoni huko kisiwa cha Manda maji yakitoka hupiti. Wageni wakaja saa tisa alasiri, maji yashatoka, nauli imeenda. Kwa hivyo siwafundishi kujumlisha sita, kichwa kinachanganyikiwa ukiwa na mteja mbele yako. Nachora saa kubwa ubaoni, mshale mfupi uko kwenye 9, Mzungu anasoma pale unapoelekea, sisi tunasoma ng'ambo ya pili, pale kwenye 3. Mwanafunzi anaweka kidole kwenye namba yake ya Kiswahili, anavuka katikati mpaka upande wa pili, anataja anachokiona. Na mwambie kila mara aongeze "in the morning", asiache hivihivi.

Kitu kingine ambacho vitabu vingi vinapita haraka ni swali la kukanusha. Ukiniuliza "hujala?" na kweli sijala, nitakujibu "ndiyo", yaani umesema kweli. Mzungu akiuliza "You haven't eaten?" ukamjibu "yes" tu, anaelewa umeshiba. Mama mmoja wa Shela aliulizwa na mgeni "You don't have a room?", akajibu "yes" akimaanisha vyumba vimejaa, mgeni akashusha mizigo. Dawa yake ni kumzoeza mtu asijibu neno moja, aongeze kitenzi: "No, I don't", "Yes, I do", akikosea hilo la mwanzo, la pili linamwokoa. Wiki hii tunafanya mazoezi tukitembea kutoka uwanja wa Mkunguni mpaka jeti, nauliza maswali ya kukanusha tu, na anayejibu "yes" kavu tunarudi naye Mkunguni tuanze upya.