Ucheshi wa Filamu Bubu: Maana Yake na Kwa Nini Bado Tunacheka

Filamu bubu ni filamu iliyotengenezwa bila kurekodi sauti za waigizaji. Jina hilo hutumika zaidi kwa filamu za kuanzia 1895, ndugu Lumière walipoanza kuwaonyesha picha zao watazamaji waliolipa kiingilio jijini Paris, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ilipoingia kwenye majumba ya sinema. Ucheshi wa filamu bubu, basi, ni sanaa ya kuchekesha iliyokomaa katika kipindi hicho. Mchekeshaji hana la kutamka. Ana mwili wake, ana vitu vilivyo karibu naye, na ana kamera inayomtazama.

Ukisikia maelezo hayo unaweza kuwaonea huruma: maskini, hawakuwa na sauti. Wengi huzichukulia filamu hizi kama mabaki ya zamani, watu wa kofia na bakora wanaotembea mbiombio. Lakini ukimkalisha mtoto wa miaka sita na bibi yake mbele ya filamu ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi hizo, watacheka pamoja, tena mahali pale pale. Naamini siri iko katika namna vichekesho hivyo vilivyojengwa. Mtazamaji hasimuliwi mzaha. Anauona ukipangwa mbele ya macho yake, na mara nyingi anajua kitakachotokea kabla ya mhusika mwenyewe kujua.

Mfano wa kwanza ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Tarehe 28 Desemba 1895, katika ukumbi wa chini wa Grand Café, mojawapo ya filamu fupi za Lumière ilimwonyesha mtunza bustani akimwagilia maji kwa mpira. Kijana mmoja ananyemelea kwa nyuma na kuukanyaga ule mpira. Maji yanakatika. Mtunza bustani anashangaa, anaigeuza ncha ya mpira na kuchungulia ndani. Kijana anaondoa mguu, maji yanamlipukia mzee usoni. Anamkimbiza, anamkamata, anamcharaza. Yote hayo hayafiki dakika moja.

Angalia kicheko kinaanzia wapi. Hakisubiri maji yaruke. Kinaanza pale mzee anapoinua ncha ya mpira kuielekea sura yake, kwa sababu sisi tumeuona mguu na yeye hajauona. Hakuna lugha iliyohitajika, wala desturi ya nchi fulani. Ilitosha kujua kwamba maji yakizuiwa na kuachiwa ghafla hutoka kwa nguvu, jambo ambalo kila mtu duniani analijua.

Baada ya hapo Wafaransa ndio waliotangulia, hasa Max Linder, bwana nadhifu wa kofia ndefu ambaye kila mara unadhifu wake uliishia matatani. Chaplin alimheshimu sana na kumwita mwalimu wake. Huko Marekani, Mack Sennett alianzisha studio ya Keystone mwaka 1912, akajaza skrini polisi wanaogongana, magari yanayopinduka na watu wanaorushiana keki za krimu. Mabel Normand, mwanamke aliyekuwa nyota wa studio hiyo, aliigiza na pia aliongoza filamu, na jina lake linastahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa. Vichekesho vya Keystone vilikuwa vya kasi na fujo. Mimi huvichoka upesi.

Mabadiliko yaliletwa na kijana wa London aliyekulia jukwaani. Charlie Chaplin alianza kuonekana kwenye filamu za Keystone mwaka 1914, na mwaka huo huo akavaa mavazi tunayoyajua wote: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, bakora. Alichoongeza ni utulivu. Alimpa mhusika wake muda wa kufikiri, na mtazamaji akapata muda wa kumpenda. Katika The Gold Rush ya 1925, wachimba dhahabu wawili wamekwama kwenye kibanda katikati ya theluji, njaa imewazidi, wanapika kiatu. Chaplin anakipakua kwa heshima zote. Anatenganisha soli na ngozi ya juu, anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, kisha anaokota misumari mmoja mmoja na kuinyonya kama mtu anayemaliza mifupa ya kuku. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi laini ili kilike. Unacheka, na wakati huo huo unakumbuka kwamba huyu mtu ana njaa kweli.

Filamu yake ninayoiheshimu kuliko zote ni City Lights ya mwaka 1931, iliyotoka wakati Hollywood ilikuwa tayari imehamia kwenye sauti. Chaplin alikataa kuhama. Alitunga muziki wa filamu hiyo mwenyewe, lakini wahusika hawazungumzi. Alikuwa na tatizo moja lililomtesa kwa muda mrefu: msichana kipofu anayeuza maua barabarani amdhanie mzururaji asiye na kitu kuwa tajiri. Ataonyeshaje hilo bila maneno? Jibu lake ni mlango wa gari. Barabara imefungana kwa magari, na mzururaji anamkwepa askari kwa kupita ndani ya gari la kifahari lililosimama. Anatokea upande wa pili na kuufunga mlango. Msichana anausikia mlango ule na kumnyooshea ua. Baadaye mwenye gari anarudi, anafunga mlango, gari linaondoka, na msichana anaamini mteja wake amekwenda zake bila kuchukua chenji. Mzururaji yuko pale pale, anaelewa kilichotokea, na ananyata pembeni asiivunje ndoto yake. Ni filamu isiyo na mazungumzo, na mkasa wake wote umejengwa juu ya sauti ambayo sisi hatuisikii, tunaiona tu usoni mwa yule msichana. Chaplin alilirudia tukio hilo mamia ya mara kabla ya kuridhika.

Buster Keaton alikuwa wa namna nyingine. Alizaliwa 1895 huko Kansas, akakulia kwenye maonyesho ya jukwaani ya wazazi wake ambako baba alimrusha huku na huko kama sehemu ya mchezo. Hapo alijifunza kuanguka bila kuumia, na akagundua kwamba watu hucheka zaidi asipotabasamu. Akiwa mtu mzima uso wake ulibaki vile vile, mtulivu na makini, wa mtu anayefanya hesabu. Keaton huwa hapambani na watu tu. Anapambana na vyombo: meli, treni, nyumba, upepo.

Katika The General, filamu ya 1926 kuhusu dereva wa treni, maadui wanaangusha mataruma ya mbao kwenye reli ili treni yake ipinduke. Keaton anateremka mbele ya injini inayotembea, ananyanyua taruma la kwanza, zito, na kabla hajalitupa injini inamchota na kumkalisha mbele kabisa, amelikumbatia. Mbele yake kuna taruma jingine, limelala upande mmoja wa reli. Hana pa kukimbilia. Analinyanyua lile la mikononi na kulirusha juu ya ncha ya lile la chini. Lile la chini linachomoka na kuruka pembeni, njia iko wazi, treni inapita. Kicheko hapo kinachanganyika na mshangao. Tatizo moja limekuwa dawa ya tatizo la pili, na umeliona likitatuliwa kwa akili na kwa mkono, bila kamera kukata.

Hilo la kamera kutokata lina uzito mkubwa. Filamu hizi hupenda kumwonyesha mtu mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, pamoja na mahali alipo. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia Keaton wakati wa kimbunga. Anaokoka kwa sababu amesimama mahali ambapo dirisha lililo wazi linampitia. Ukuta ulikuwa wa kweli, inasemekana ulikuwa na tani mbili, na nafasi ilikuwa inchi chache tu kila upande. Kama tukio hilo lingekatwa vipande, ukuta unaanguka, kisha uso wake, kisha vumbi, tungelisahau. Linakaa kichwani kwa sababu tunaona ukuta na mtu kwa pamoja.

Gharama yake haikuwa ndogo. Alipokuwa akitengeneza Sherlock Jr. ya 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha kwa nguvu, na ni miaka baadaye ndipo daktari alipogundua kuwa alivunjika mfupa wa shingo siku ile. Harold Lloyd, kijana wa miwani tunayemkumbuka akining'inia kwenye saa ya jengo refu katika Safety Last! ya 1923, alipoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia mwaka 1919, bomu la kuigizia lilipomlipukia. Alipanda akiwa na glavu ya kuficha hasara hiyo. Kwenye picha za mbali alipanda mtu mwingine, na saa ilijengwa juu ya paa huku magodoro yakitandazwa chini, lakini barabara unayoiona kule chini ni barabara ya kweli.

Kuna mawili ambayo watu huyakosea. La kwanza, filamu hizi hazikuonyeshwa kimya. Kulikuwa na mpiga piano, wakati mwingine okestra nzima, na huko Japani msimuliaji aliketi kando ya skrini. Zanzibar ilipata jumba lake la sinema la Royal mwaka 1921, wakati ambapo sinema dunia nzima ilikuwa bado bubu. La pili, ile mbiombio. Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha pungufu ya 24 kwa sekunde, kiwango kilichokuja kuwa cha kawaida wakati wa sauti. Filamu ya zamani ikionyeshwa kwa kiwango hicho kipya, watu hukimbia kuliko walivyokimbia. Wachekeshaji waliijua hila hiyo na waliitumia kwa kipimo. Kasi ya kupindukia tunayoiona mara nyingi imetokana na waonyeshaji wa baadaye.

Mwaka 1927 The Jazz Singer ilifungua mlango wa sauti, na ndani ya miaka michache studio zote zilihama. Maikrofoni za mwanzo ziliifunga kamera mahali pamoja. Keaton alijiunga na studio kubwa mwaka 1928 na akapoteza uhuru wa kupanga filamu zake. Zamani filamu ya Marekani ilikwenda nchi yoyote kwa kubadilisha tu kadi za maandishi zilizotokea kati ya picha. Sasa ilihitaji tafsiri. Na nyingi zimepotea kabisa: kati ya filamu ndefu bubu za Marekani, takriban asilimia 70 hazipo tena, ama kwa moto, ama kwa kuoza kwa mkanda, ama kwa kutupwa.

Si kila kilichobaki kimezeeka vizuri. Zipo filamu, zikiwemo za Keaton mwenyewe, ambamo mzungu amejipaka rangi nyeusi usoni ili watu wamcheke mtu mweusi. Hazichekeshi, na sioni sababu ya kuzitetea. Mzaha wa kudharau kabila au rangi ulitegemea chuki ya watazamaji wa siku zile. Mtu anayeangukiwa na ukuta hategemei chuki ya yeyote.

Mbinu yenyewe haikufa. Jackie Chan, ambaye Afrika Mashariki tumemlea kwenye vibanda umiza, alianguka kutoka kwenye mnara wa saa katika Project A ya 1983 akimkumbuka Lloyd, na mwaka 1987, katika sehemu ya pili, akaangukiwa na ukuta kwa mtindo wa Keaton. Kwenye vibanda hivyo DJ hutafsiri filamu kwa kuzungumza juu ya picha, lakini Jackie anapopigana kwa kutumia ngazi hata DJ huachia picha iende. Mr Bean alipendwa sebuleni kwetu karibu bila kusema neno. Na Khaby Lame, kijana mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia, mwaka 2022 aliwapita wote kwa wafuasi kwenye TikTok kwa kuonyesha mikono yake na kunyamaza.

Kwa anayetaka kuanza, ningemwanzishia One Week, filamu ya Keaton ya 1920 isiyofika nusu saa. Bwana na bibi harusi wanapewa nyumba ya kuunganisha wenyewe, mbao zake zimepangwa kwenye masanduku yenye namba, na mtu mwenye wivu anazibadilisha zile namba. Wao hawajui, sisi tumeona. Filamu za Marekani zilizotoka kabla ya 1930 sasa ni mali ya umma huko kwao, kwa hiyo nakala za bure ni nyingi mtandaoni, ila ubora hutofautiana sana. Tafuta iliyosafishwa, yenye muziki uliopigwa kwa ajili yake. Ukiona watu wanatembea kwa kasi isiyo ya kibinadamu muda wote, hata wanapokunywa chai, tafuta nakala nyingine. Na usiitazame peke yako, kwa sababu filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi uliojaa watu.