Bolti Ikigoma, Acha Kufyatua: Kuzitambua Dalili za Presha Kubwa katika Risasi za Kujaza Mwenyewe

Malalamiko kuhusu bunduki "mbovu" yanazidi kutufikia hapa maabara, na mengi yanafanana. Bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) imegoma kufunguka, ganda limeng'ang'ania ndani ya chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, na mwenye bunduki anataka tumwandikie barua kwamba kiwanda kimemuuzia silaha yenye kasoro. Tukimwomba risasi alizotumia, anatoa boksi la risasi alizojaza mwenyewe. Ndiyo maana tumeona tuandike haya kwa wanaojaza risasi za bunduki za mtutu mrefu, ambao wengi wao ni watu makini na mizani yao wanaijua vizuri.

Tuanze na imani inayotuchosha kuliko zote: kwamba ganda lililofyatuliwa ni kipimo cha presha. Mtu anaongeza baruti kidogo kidogo, anaangalia fataki (kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda), anaona haijalala bapa, anasema "bado kuna nafasi." Nafasi ya nini? Presha hupimwa kwa kihisi kilichofungwa kwenye mtutu wa majaribio. Kwa viwango vya SAAMI vya Marekani, ukomo wa risasi ya .308 Winchester ni paundi 62,000 kwa inchi ya mraba. Kwa viwango vya CIP vya Ulaya ni baa 4,150. Namba hizi mbili usizigeuze kwa kikokotoo ukidai mmoja amekosea, kwa sababu namna zao za kupima hazifanani. Sasa tazama .30-30 Winchester, ambayo ukomo wake kwa SAAMI ni 42,000, au .45-70 Government, ambayo ni 28,000 tu. Ganda ni shaba ileile na fataki ni zilezile. Shaba iliyovumilia presha ya .308 bila kuonyesha alama haiwezi kukuonya kwamba .45-70 yako ya zamani imeshavuka ukomo wake. Ukisubiri dalili kwenye bunduki ya namna hiyo, itakayoonyesha dalili ya kwanza ni bunduki yenyewe.

Kwa hiyo dalili ikitokea, ichukue kuwa habari iliyochelewa. Isipotokea, usiichukue kuwa kibali.

Fataki ndiyo wengi huitazama kwanza, na ndiyo inayodanganya zaidi. Fataki ya kawaida hubaki na ukingo uliojiviringa kidogo. Presha ikizidi, hulala bapa hadi kujaza pembe zote za tundu lake, au metali yake huvimba kuzunguka alama ya pini kama mdomo wa volkano. Lakini kuna fataki laini ambazo hulala hata kwa presha ya kawaida, na tundu la pini likiwa pana huleta uvimbe uleule. Vilevile, nafasi kati ya kitako cha ganda na uso wa bolti ikiwa kubwa, fataki hurudi nyuma kwanza, kisha ganda linarudi na kuigonga. Inalala bapa ingawa presha haikuwa ya ajabu. Fataki iliyotoboka ni jambo jingine. Hapo gesi ya moto imerudi kuelekea usoni kwako, na kazi ya siku hiyo imekwisha.

Dalili tunazoziamini zaidi ziko kwenye kitako cha ganda na mkononi mwako. Geuza ganda, liinamishe kwenye mwanga, utafute doa linalong'aa la duara au la mwezi mchanga juu ya maandishi ya kiwanda. Pitisha ukucha, ukikwama kwenye kijiukingo, ujue shaba imesukumwa ikaingia kwenye tundu la pini ya kutupia maganda. Bolti inayohitaji nguvu kunyanyuliwa, wakati kwa risasi za kiwandani hunyanyuka kwa vidole viwili, inasema jambo hilohilo, ilimradi chemba ni safi na ganda lilirudishwa kwenye kipimo sawasawa. Dalili ya tatu utaipata mezani: fataki mpya inaingia kwenye tundu lake bila upinzani. Tundu limepanuka. Ganda hilo liharibu kwa koleo, usilirudishe kwenye kopo "la mazoezi."

Watu pia huchanganya presha kubwa na ganda kukatika. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, mara nyingi hutokana na kulibana ganda kupita kiasi kila linapojazwa, hadi shaba ikachoka. Pinda ncha ya waya mwembamba, uingize ndani ya ganda na kuikwaruza ukutani. Ukihisi mfereji, ganda hilo limekwisha, na kupunguza baruti hakutalisaidia.

Mwenye kipima mwendo ana shahidi bora kuliko fataki. Kitabu cha mtengenezaji wa baruti kikitaja mwendo wa juu kabisa kwa kichwa fulani (kile kipande cha risasi kinachoruka), na wewe ukaupita hali baruti yako haijafika kiwango cha juu, usijipongeze kwa kupata mtutu wenye kasi. Hakuna mwendo wa bure. Mtutu wako ukilingana kwa urefu na wa kitabuni, mwendo uliozidi umelipiwa kwa presha.

Chanzo sasa. Baruti isiyo yake huongoza kwa hatari, na hutokea kwa njia ndogo sana: makopo mawili yako wazi mezani kwa wakati mmoja. Tena kuna majina yanayotega. H4831 na IMR 4831 zina namba moja lakini ni baruti tofauti, na ya IMR huungua haraka zaidi. Atakayefuata vipimo vya H4831 huku akimimina IMR 4831 anajitafutia balaa. Kingine ni urefu wa ganda. La .308 lisizidi inchi 2.015 (milimita 51.18). Likirefuka, mdomo wake hubanwa na mwisho wa chemba, haufunguki kukiachia kichwa, na presha hupaa ingawa baruti iko sawa kwenye mizani. Maganda ya kijeshi mara nyingi ni mazito na nafasi yake ya ndani ni ndogo. Kichwa kinachogusa mifuo ya mtutu (mikwaruzo ya ndani inayokizungusha kichwa), risasi zilizoachwa juani, mafuta ndani ya chemba, mizani isiyohakikiwa kwa jiwe lake: vyote vikague.

Ukiona dalili, utaratibu ni huu. Acha kufyatua, mtutu ukielekea mahali salama. Risasi isipolipuka, subiri angalau sekunde 30 kabla ya kufungua. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usifyatue nyingine kabla ya kuondoa bolti na kutazama ndani ya mtutu. Bolti iliyogoma usiigonge kwa nyundo. Mpelekee fundi, na umwambie wazi kama ndani kuna risasi nzima au ganda tupu. Zilizobaki za fungu hilo usizimalize kwa kuzipiga. Zifungue moja moja kwa nyundo ya kutolea vichwa na upime baruti ya kila moja. Ukipata chanzo, anza upya asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha kitabu. Baruti zinazoungua polepole usizishushe chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa. Nazo zina hatari yake.

Wapo wanaotujibu kwamba bunduki zilizojaribiwa kwa utaratibu wa CIP zilipigwa kwa presha ya asilimia 25 juu ya ukomo. Ni kweli. Zilipigwa risasi chache, karibu yake hakukuwa na uso wa mtu, kisha zikakaguliwa. Hicho si kibali cha matumizi ya kila wiki.

Kuhusu sheria: leseni ya kumiliki bunduki si lazima iwe na ruhusa ya kujaza risasi, na kumuuzia mwenzako ni jambo jingine kabisa. Nchini Marekani, kwa mfano, anayejaza risasi kama biashara hutakiwa kuwa na leseni ya shirikisho ya aina ya 06, na anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5. Sheria za kwako ziulize kabla ya kununua baruti. Soma pia dhamana ya bunduki yako, kwani watengenezaji wengi hawalipii uharibifu uliotokana na risasi za kujaziwa.

Anayeleta bunduki kwa ukaguzi asiisafishe. Alete maganda yote yaliyofyatuliwa, kila moja likiwa na namba ya mfuatano wake, baruti kwenye kopo lake la asili na daftari la vipimo. Risasi nzima zifungashwe peke yake, mbali na bunduki, na fomu iandikwe kwamba zimo. Ganda lililokwama liachwe lilipo. Likichokonolewa, alama tunayoitafuta inaharibika.